Uzi: Skima ya ukubwa gani kwa tangi la maji chumvi? Usianze na lita za kwenye boksi

Upondo (mwanzisha uzi) #1

Wakuu, salaam kwenu nyote mnaofuga samaki wa bahari majumbani.

Swali hili naulizwa faragha mara kwa mara: "Nina tangi la lita 300, ninunue skima ya lita ngapi?" Nimeona nilijibu hapa hadharani, kwa sababu jibu la mstari mmoja linawapoteza watu. Mimi lilinipotezea karibu mwaka mzima na pesa ambayo ningeweza kuifanyia mengine.

Kwa wageni kwanza: skima ni mashine ya kusafisha maji ya tangi, na lita za kwenye boksi lake ni ukubwa wa tangi linalodaiwa kuhudumiwa nayo. Ukichemsha supu ya nyama, povu la kijivu linapanda juu, na mpishi analiengua kwa upawa kabla halijarudi kuichafua supu. Skima inaengua hivyo hivyo, ila bila moto. Pampu inavuta hewa na kuisaga iwe viputo vidogo sana ndani ya silinda ya plastiki, mpaka maji yanakuwa meupe kama maziwa. Sasa kinyesi cha samaki, ute wa matumbawe na mabaki ya chakula vikiyeyuka, vinaacha majini molekuli ambazo upande mmoja unapenda maji na upande wa pili unayakimbia. Zikikutana na kiputo, ule upande unaokimbia maji unajishikiza kwenye hewa. Viputo vinapanda nazo hadi kwenye shingo, vinabanana, vinakuwa povu zito, na povu linamwagikia kwenye kikombe cha juu. Asubuhi unakuta kimiminika kama chai ya rangi iliyokolea, na harufu yake hutaisahau.

Uchafu huo umetoka kabla bakteria hawajaugeuza kuwa amonia, kisha nitriti, kisha nitrati. Na wakati huohuo maji yamevutishwa hewa. Kwa joto letu jambo la pili ni zito kuliko watu wanavyodhani: maji ya bahari ya nyuzi 25 hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 6.7 hivi za oksijeni kwa lita, wakati maji baridi (yasiyo na chumvi) ya mtoni kwa joto hilohilo yanabeba 8.2. Ukifika nyuzi 30 unazidi kupungukiwa.

(Mtu asinunue skima kwa tangi la sato au kambale. Kwenye maji baridi viputo vinaungana haraka na kuwa vikubwa, povu halisimami. Chumvi ndiyo inayovizuia kuungana. Ndiyo maana kusi likivuma unaona povu jeupe limelala ufukweni, na ziwani si rahisi kuliona kwa wingi ule.)

Sasa kisa changu. Tangi langu ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50, na chini ya kabati lina sampu, yaani tangi la pili la kuficha vifaa. Nilikuwa na samaki wa anemoni wawili, kidui mmoja mdogo wa mchangani na matumbawe laini machache. Muuzaji akaniambia, "Chukua ya lita 1,200, kubwa haikosei." Nikachukua. Mwili wake sentimita 20 kwa upana, shingo pana, inavuta hewa kama lita 1,200 kwa saa.

Ilifanya nini? Povu lilipanda nusu ya shingo, likakaa, likaanguka. Siku ya tatu kikombe kikavu. Nikipandisha kiwango cha maji ili lifike juu, linamwaga maji matupu, kikombe kinajaa usiku mmoja. Nikishusha, kimya. Wakati huo nitrati inapanda, mwani wa kijani unakaa kwenye vioo, nami naambiwa na kila mtu "iache izoee". Niliiacha izoee miezi minane.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Povu halisimami kwa hewa peke yake, linasimama kwa uchafu ulioshikilia viputo. Shingo pana inahitaji uchafu mwingi ili povu lijaze upana wake wote na lijisukume hadi juu. Samaki wangu watatu hawakuwa na uchafu huo. Mashine ilikuwa na nguvu ya kuengua sufuria ya harusi, nami nilikuwa nimeiwekea kikombe kimoja cha supu.

Nikaibadilisha na nyingine ya mwili wa sentimita 13, hewa kama lita 450 kwa saa. Ndani ya wiki mbili povu likawa linafika juu kila siku, zito na la kahawia. Tangi lilelile, samaki walewale.

Ndiyo maana nasema anza na chakula. Kila gramu unayomwaga tangini, ama inageuka mwili wa samaki ama inageuka uchafu. Mwenye lita 300 na samaki wawili wanaokula mara moja kwa siku, na mwenye lita 300 na samaki tisa wanaokula uduvi asubuhi na ngisi wa kusaga jioni, hawa wana matangi mawili tofauti kabisa hata kama vioo vilikatwa na fundi mmoja.

Hatua zangu, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe:

Pima maji halisi. Usipige tu urefu mara upana mara kimo, maana mawe na mchanga vinakula nafasi na hujazi mpaka ukingoni. Hesabu ndoo siku ya kujaza. Langu kwa hesabu ni lita 300, lakini ziliingia ndoo 12 na nusu za lita 20, yaani 250. Sampu ikaongeza 50.

Kisha tafuta kwenye karatasi ya skima safu tatu: mzigo mwepesi, wa kati, mzito. Watengenezaji wengi wanaziandika. Namba kubwa iliyoko mbele ya boksi huwa ni ya mzigo mwepesi. Skima yangu ya sasa imeandikwa 550 mbele, ndani ni 400 kwa mzigo wa kati na 280 kwa mzito. Mwenye samaki wachache na matumbawe laini asome safu ya kwanza. Mwenye samaki wa kawaida asome ya kati. Mwenye samaki walao nyama, au aliyejaza tangi, asome ya mwisho na asiibishie.

Ikiwa boksi lina namba moja tu, mimi naigawa kwa mbili na kuichukulia hiyo nusu kuwa ya mzigo mzito. Ni kipimo changu cha tahadhari.

Halafu angalia upana wa shingo na kiasi cha hewa kwa saa. Hizo mbili zinakueleza ukweli kuliko lita za tangi. Kimo cha skima pia: ipimie ndani ya kabati, na uongeze nafasi ya kukichomoa kikombe kwa juu. Nimeona mtu analazimika kuing'oa skima nzima kila akitaka kumwaga kikombe, mwisho akaacha kumwaga.

La umeme nalisema kwa msisitizo. Skima zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani zimetengenezwa kwa volti 120 na mzunguko wa 60 (Hz). Kwetu ni volti 230 au 240, mzunguko 50. Ukichomeka moja kwa moja inaungua. Ukitumia transfoma volti zinakuwa sawa, lakini pampu ya kawaida inazunguka kwa kufuata mzunguko wa umeme, kwa hiyo itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na hewa inapungua. Lita zilizoandikwa pale hazikuhusu tena. Zile za umeme wa DC zenye adapta na kitufe cha kasi hazina shida hiyo, mradi adapta inakubali volti zetu.

Na gharama: pampu ya wati 12 ikiwaka mwezi mzima inakula yuniti 8.6. Ya wati 35 inakula 25. Ile kubwa ilinila LUKU kwa kazi ambayo haikuwepo.

Karibuni.

Mshipi #2

Upondo, shukrani kwa uzi. Mimi niko Kilifi. Nina ubishi kidogo. Wazee walionifunza walisema siku zote nunua skima ya mara mbili ya tangi lako. Sasa wewe wasema kubwa yaharibu. Nani nimfuate?

Upondo #3

Kaka Mshipi, hao wazee hawakudanganya, walikuwa wanasema kwa vifaa vya wakati wao. Skima nyingi za zamani zilitegemea jiwe la hewa la mti, ambalo linaziba, au pampu iliyosukuma maji kwa nguvu kwenye tundu jembamba ili yavute hewa. Viputo vilikuwa vikubwa na vichache. Watengenezaji nao waliandika lita kwa ukarimu. Ukinunua ya mara mbili, kwa kweli ulikuwa unapata inayotosha. Pampu za siku hizi zina gurudumu la vijiti vingi vidogo kama brashi, linakatakata hewa kuwa ukungu. Kanuni ya "mara mbili" ukiiweka juu ya pampu hizi na samaki wachache, unapata yaliyonipata.

Nikuongezee jambo. Mwaka 2009 Ken Feldman, mkemia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State kule Marekani, alichapisha vipimo vya skima kadhaa kwa kupima kaboni ya uchafu wa viumbe iliyomo majini. Zilitoa kama asilimia 20 hadi 35 tu ya kaboni hiyo, zikagota hapo. Tofauti ya skima moja na nyingine haikuwa kubwa. Kwangu maana yake ni kwamba kuna sehemu ya uchafu ambayo haishikani na viputo hata ungeleta mtambo wa kiwanda. Hiyo inatoka kwa kubadilisha maji, kwa kaboni nyeusi ya kuchujia na kwa bakteria walio kwenye mawe. Pesa ya kuongeza ukubwa ungeitia kwenye chumvi au kwenye mafuta ya kwenda kuchota maji.

Mwani #4

Habari kaka Upondo. Mimi ni dada niko Nairobi, tangi langu ni dogo, lita 90, halina sampu. Natumia chumvi ya pakiti kwa sababu bahari iko mbali. Samaki watatu na matumbawe laini. Je, ninunue ile ya kuning'iniza nyuma ya kioo ama nisinunue kabisa? Pia usiku samaki wanahema haraka karibu na juu ya maji.

Upondo #5

Dada Mwani, hilo la kuhema ndilo la kwanza. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya bahari. Shinikizo la hewa kwenu ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inapungua kwa kiasi hichohicho. Zile miligramu 6.7 nilizotaja kule juu, kwako ni kama 5.4. Usiku mwani na matumbawe havitengenezi oksijeni, vinaitumia. Elekeza pampu ya mawimbi juu ili uso wa maji utikisike, leo hiihii, usisubiri skima.

Skima ya kuning'iniza itakufaa, na mimi ningekushauri uwe nayo hasa kwa ajili ya hewa. Kwa mzigo wako soma safu ya mwepesi, tafuta iliyoandikwa 120 hadi 150, usizidi. Angalia mambo mawili: mdomo wake upite kwenye unene wa kioo chako, na ivute maji kutoka juu kabisa ya uso, kwa sababu uchafu huu unapenda kukusanyika kwenye ngozi ya maji. Nyingine zinarudisha viputo tangini. Kipande cha sponji kwenye tundu la kutokea kinasaidia, ila kioshe kila baada ya siku mbili.

Mwani #6

Asante sana. Nimegeuza pampu, jana usiku wametulia.

Bamvua #7

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Maskati, asili yangu Unguja. Tangi langu lita 800 pamoja na sampu. Nina mkunga mmoja, chewa mdogo, kikande na kangaja wawili. Nawalisha ngisi na samaki wa kukata. Skima yangu imeandikwa 1,000, kikombe hujaa kila siku na bado nitrati iko 60. Kaka Upondo, kwa maneno yako mimi nimezidisha au nimepunguza?

Upondo #8

Waalaykum salaam kaka Bamvua. Umepunguza, na umepunguza sana. Mkunga na chewa ni wala nyama wachafu, wanararua, wanatapika vipande, na mafuta ya samaki wa kukata yanayeyuka majini. Hiyo 1,000 karibu hakika ni ya mzigo mwepesi. Kwa mzigo mzito inawezekana haifiki 500. Wewe ndiye mtu ambaye ushauri wa "kubwa" unamhusu. Tafuta ambayo safu ya mzigo mzito inasoma 800 au zaidi, au ongeza ya pili kama uliyonayo ikiwa sampu ina nafasi. Mbili zina raha yake: ukiing'oa moja kuisafisha, nyingine inaendelea.

Chakula ukikate, ukisuuze kwenye maji safi kabla ya kulisha. Mafuta huangusha povu kwa saa kadhaa. Ukiona kila baada ya kulisha skima inanyamaza, usiiguse, itarudi yenyewe.

Na kwa huko Ghuba, ambako nyumba imefungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, hewa ya ndani inajaa kaboni dioksidi ya pumzi za watu. Skima inaisukuma hiyohiyo majini na pH inashuka. Chukua mpira wake wa hewa, utoe nje kwa kutoboa fremu ya dirisha. Ni kazi ya nusu saa.

Bamvua #9

Nimefahamu. Mpira wa hewa ntautoa nje Ijumaa inshallah. La mafuta ya samaki sikuwahi kulifikiria, nami kila siku nikishangaa mbona povu lafa baada ya chakula.

Ngalawa #10

Wakuu, naomba nipingane na uzi mzima kwa heshima. Mimi nakaa Kigamboni, tangi lita 70, sina skima mwaka wa tatu sasa. Nachota maji baharini kila wiki nabadilisha lita 15. Mwani nimeuotesha kwenye boksi la pembeni lenye taa yake. Nitrati haizidi 5. Kwa nini mtu atumie pesa?

Upondo #11

Mkuu Ngalawa, hatupingani. Tangi dogo, samaki wachache, bahari mlangoni na mtu asiyekosa zamu ya wiki: skima si lazima. Mwani unakula nitrati na fosfeti, maji mapya yanatoa mengine. Ningekuwa na lita 70 Kigamboni ningefanya hivyo hivyo.

Ila masika nina wasiwasi nayo. Mvua kubwa ikinyesha, Msimbazi na mito mingine inamwaga maji ya tope na ya mitaro baharini, na chumvi karibu na pwani inashuka. Wiki hizo mimi sichoti kabisa, natumia akiba niliyoiweka kwenye mapipa. Nachota upande wa Kimbiji, maji yakiwa yamejaa ya bamvua, mbali na mdomo wa mto, na napima chumvi kabla ya kumimina: nataka gramu 35 kwa kila lita. Wiki tatu bila kubadilisha maji ndiyo muda ambao skima inalipa bei yake.

Na kwa kuwa tumefika baharini: mawe na matumbawe ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo yaachwe. Ni hifadhi. Nimeona watu wanaleta mawe kwenye mfuko wa salfeti, inaniuma.

Mshipi #12

Swali la mwisho kwangu. Umeme ukikatika kisha ukarudi, skima yangu yamwaga kabati zima. Ni ubovu wake?

Upondo #13

Si ubovu. Umeme ukikatika, maji ya tangi la juu yanashuka kwenye sampu mpaka yafike usawa wa tundu. Umeme ukirudi, skima inaanza kazi ikiwa imezama zaidi ya kawaida, kwa hiyo maji ndani yake yako juu, na povu linaruka. Skima nyingi za sampu zinataka maji ya kina cha sentimita 20 hadi 25, na zinataka kina hicho kisibadilike. Fundi wa vioo akuwekee kizuizi ndani ya sampu, chumba cha skima kiwe na kimo kimoja muda wote umeme ukiwepo. Kwa dharura ya kurudi kwa umeme, toboa kikombe chini, unganisha mpira uende kwenye dumu la lita 5 lenye kifuniko kilichotobolewa tundu la hewa. Limwage asubuhi, lisifike kujaa. Kabati halitalowa.

Mambo mengine yanayofanya povu kuruka bila sababu: dawa ya kuondoa klorini, gundi mpya ya kubandikia matumbawe, silikoni ambayo haijakauka, na dawa za magonjwa. Skima mpya nayo huruka au kunyamaza wiki ya kwanza au ya pili mpaka mabaki ya kiwandani yatoke na ute uivae ndani. Wakati huo usiichezee kila saa. Mikono yenye mafuta ya kupikia nayo usiiingize tangini.

Na usiiendeshe ikitoa maji mepesi mengi kila siku huku unajazia maji baridi tu. Ukitoa lita moja kwa siku kwenye tangi la lita 300, siku 10 umepoteza gramu 350 za chumvi, na ile 35 imeshuka karibu 34 bila wewe kujua. Kinachotoka skimani kirudishiwe maji chumvi.

Shingo uisugue kila baada ya siku mbili au tatu. Mafuta yakiganda pale povu linakosa pa kupandia. Pampu iloweke kwenye siki na maji kila miezi mitatu, chokaa itoke. Na mdomo wa mpira wa hewa, chumvi hujikusanya ndani yake kidogo kidogo. Pitisha maji ya moto kila mwezi. Watu wengi wanaobadilisha skima kwa kudhani imezeeka, tatizo lao ni punje za chumvi pale.

Dau #14

Mkuu Upondo, nimesoma yote. Mimi ni mgeni kabisa, Tanga. Tangi la lita 400 maji halisi, samaki watano wa saizi ya kati, matumbawe machache. Dukani kuna mbili: moja imeandikwa 500 bila safu nyingine, shingo sentimita 7. Nyingine imeandikwa mwepesi 900, kati 600, mzito 400, shingo sentimita 10. Bei ya pili imezidi kwa theluthi. Na nina mpango wa kuongeza samaki wawili mwakani.

Upondo #15

Chukua ya pili. Ile ya kwanza kwa kipimo changu ni 250 ya mzigo mzito, na wewe na samaki saba utakuwa kati ya wa kati na mzito. Ya pili inakupa 400 hata siku ukilisha sana. Samaki watano wa saizi hiyo, ukiwalisha mara mbili kwa siku, watatosha kulisimamisha povu kwenye shingo ya sentimita 10. Kabla ya kulipa waambie wakuonyeshe volti na mzunguko ulioandikwa kwenye pampu yenyewe, si kwenye boksi, na upime kimo cha kabati lako.

Ukiifunga, iache siku kumi, kina cha maji sentimita 22, halafu weka hapa picha ya shingo na ya kikombe.